Mana Iliyooza na Mana Iliyotunzwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii gunia la maharage limeniaibisha.

Tangu mume wangu akose kibarua mwezi wa 10, nimekuwa mtu wa kuhesabu. Huku Uyole, Mbeya, mwezi huu wa 2 mvua haikatiki, mahindi shambani bado mabichi, na kila mama anajua hiki ni kipindi cha kubana. Jirani alikuja kuomba sado moja tu ya maharage. Nikamwambia hata kwangu yamekwisha, na hapo nimesimama mlangoni pa stoo! Jumatatu nikafungua gunia: unga mtupu, punje zimetobolewa, wadudu wanatembea. Zaidi ya nusu ni ya kumwaga.

Mtasema ningeweka kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wa tabaka tatu usiopitisha hewa. Sawa, mwakani. Lakini ule uongo ningeuweka mfuko gani?

Nikarudi kwenye Biblia, kitabu cha Kutoka 16, habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Mnaijua: pishi moja kwa kila kichwa, asisaze mtu hata asubuhi. Mstari wa 20, waliosaza wakakuta mabuu na uvundo. Wengi wetu huishia hapo. Hebu shuka hadi wa 33: Musa anamwambia Haruni atwae kopo, atie pishi nzima ya mana, aiweke mbele za Bwana kwa ajili ya vizazi. Mana ileile! Hii imeoza usiku mmoja. Ile inatajwa mpaka Waebrania 9:4, iko katika kopo la dhahabu. Ya kwanza iliwekwa na mtu aliyesema moyoni, "Kesho hatanipa." Ya pili iliwekwa ili watu waseme, "Jana alitupa."

Wapendwa, niwaseme kidogo, nami nikiwemo. Sala zetu siku hizi ni madai: Bwana, ada, Bwana, kodi, Bwana, mbolea. Amina. "Shukuruni kwa kila jambo" tunawasomea wafiwa, halafu bei ya mbolea ikipanda tunalia kama watoto wasio na Baba. Mimi nimemaliza miezi 4 bila kibarua nyumbani, na hakuna usiku hata mmoja wanangu walilala njaa. Sikuliona hilo. Nilikuwa nahesabu kilichobaki kwenye gunia, wala sikuhesabu tulichokwisha kula. Anayetulisha siku hizo zote nilimgeuza mtuhumiwa.

Jana nikapepeta, nikachambua, nikapata sado tatu nzima. Moja nikaibeba hadi kwa jirani, nikamweleza yote, na uongo wangu pia. Magoti yalikuwa yananitetemeka.

Akapokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, dada," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akicheka. "Gunia lenyewe nililiona siku ile, nyuma yako."