Dakika Moja Kituoni: Kumbukumbu za Rali za Ridhaa

Watu wengi wakisikia neno rali hufikiria kasi, lakini zile rali za ridhaa tulizoziandaa zamani, kwenye barabara ambazo watumiaji wengine waliendelea kuzitumia, zilishindaniwa kwa dakika. Kila kipande cha njia kilipewa mwendo wa wastani, mara nyingi maili 30 kwa saa, kwa kuwa huo ni maili moja kwa kila dakika mbili na msoma ramani aliweza kuupigia hesabu kichwani huku gari likirukaruka. Aliyefika kabla ya wakati kwenye kituo, yaani mahali msimamizi alipoandika dakika ya kuwasili, alikatwa alama sawa na aliyechelewa, na mimi naiona kanuni hiyo kuwa ndiyo bora kuliko zote, maana ilimwondolea dereva sababu ya kukimbiza gari katika barabara ya watu.

Kazi ilianza muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Tuliipita njia nzima tukipima umbali, na kwa kuwa mita za kupimia umbali za magari hazilingani, hasa matairi yakiwa yamechakaa, tuliweka karibu na mwanzo kipande kilichopimwa ili kila msoma ramani alinganishe mita yake na yetu. Njia panda tulizichora kwa nukta mahali gari linakotokea na mshale unakoelekea, mtindo uliopewa jina kutokana na Tulpenrallye (Rali ya Tulipu) ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1949.

Usiku kituoni ndiko nilikojifunza uzito wa kazi hii. Msimamizi alikaa na mwenzake, taa, meza ndogo na saa iliyolinganishwa na saa kuu kisha ikafungwa kwa lakiri ili mtu asiiguse. Gari lilipofika aliandika dakika kwenye kadi ya dereva, akatia sahihi, halafu akaandika dakika ileile kwenye orodha yake. Wapo waliodhani orodha hiyo ni mzigo wa bure. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu wakati huo hatukuwa na simu za mkononi, na gari lililopinduka mtaroni halikuwa na namna ya kutuarifu. Gari la kufunga njia lilipopita nyuma ya washindani wote lilikusanya orodha hizo moja baada ya nyingine, na namba iliyoonekana katika kituo kimoja ikakosekana katika kinachofuata ilituonyesha wapi pa kwenda kutafuta watu. Ndiyo maana msimamizi hakuruhusiwa kuondoka kabla ya gari hilo kufika, hata kama mvua ilikuwa ikinyesha na hakuna mshindani aliyeonekana kwa muda mrefu.

Rali ya kwanza ya Monte Carlo, mwaka 1911, ilimpata mshindi kwa waamuzi kutazama pia umaridadi wa gari, starehe ya abiria na hali ya gari lilipowasili, na matokeo yakaleta manung'uniko makubwa. Sisi tulijikinga na hayo kwa wino. Dereva alipokuja mwishoni na malalamiko, tuliiweka kadi yake kando ya orodha ya kituo mbele ya macho yake. Dakika iliyoandikwa kwenye kadi ikilingana na ile ya orodha, alama zilibaki zilivyo, naye alitia sahihi.