Bwawa la Raskazone: nani anakula klorini?

Ijumaa, baada ya magharibi

Kwa wanaoanza kufuatilia leo: bwawa la kuogelea la hapa Raskazone, Tanga, ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, kwa hiyo lita 40,000. Maji ni ya bomba, yale ya lambo la Mabayani kwenye mto Zigi. Klorini naiweka jioni, kesho yake alasiri haipo. Fundi wa pampu ana jibu lake lile lile, "Ongeza dawa, bosi," lakini siongezi kitu kabla sijajua kinakokwenda.

Wanaoshukiwa ni wawili: uchafu uliomo majini (mwani, majani, jasho) na jua. Uchafu hula usiku na mchana. Jua hula mchana tu. Basi nimezamisha chupa mpaka kiwiko, mbali na tundu la kuingizia maji, nikatia kidonge cha DPD namba 1, kile cha kupimia klorini kwa rangi. Rangi ya waridi imesimama kwenye 3, yaani miligramu 3 kwa lita. Hakuna kuogelea usiku huu.

Jumamosi

Alfajiri, kabla jua halijachomoza: bado karibu na 3. Usiku ukipunguza chini ya 1, maji hayana mlaji wa kutisha. Uchafu nimeuachia.

Saa kumi alasiri: peupe. Hapa pana mtego, maana klorini ikizidi mno nayo huipausha rangi ya DPD, ukadhani hamna kitu. Nikapunguza sampuli nusu kwa nusu kwa maji ya chupa, nikapima upya. Peupe vilevile, basi kweli hamna. Ni jua. Klorini isiyo na kinga ya jua, kwenye jua kali kama hili la kaskazi, hupoteza nusu yake ndani ya muda usiofika saa nzima. Kwa mtindo wa fundi ningenunua ndoo baada ya ndoo.

Jumapili

Kabla ya dawa ya kukinga jua, pH, yaani kiwango cha asidi majini. Fenoli nyekundu, dawa ya kuipimia, inaonyesha 8. Watu wengi huruka kipimo hiki, nami naona ndicho chenye maana kuliko vyote. Kwenye 7.5 klorini ya bwawa lisilo na kinga huwa karibu nusu iko katika hali inayoua vijidudu kwa haraka. Kwenye 8 inabaki kama robo. Unaweza kusoma 3 ukajisifu bure. Nimetia asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo, kwanza ndani ya ndoo yenye maji (asidi iingie majini, kamwe si maji kwenye asidi), pampu ikizunguka. Jioni: 7.4.

Watoto wa dada wamekuja. "Mjomba, mbona maji hayanuki dawa, yana dawa kweli?" Yanayo. Harufu ile kali ya mabwawa ya hoteli hutoka kwenye klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Walicheka sana kwenye mkojo.

Jumatatu

Sasa dawa yenyewe ya kukinga klorini na jua: asidi ya sianuri, ambayo madukani huitwa stabilaiza. Nataka miligramu 30 kwa lita, yaani gramu 30 kwa kila mita ya ujazo, hivyo gramu 30 mara mita za ujazo 40: kilo 1.2. Nimeitia kwenye soksi na kuining'iniza mbele ya tundu la maji. Huyeyuka polepole, kwa hiyo chujio la mchanga silioshi kwa sasa.

Jumatatu iliyofuata

Jioni 3, alasiri ya pili yake karibu 2. Furaha! Sianuri huishika klorini ikaua vijidudu polepole zaidi, hivyo sikubali tena kushuka mpaka 1. Nalenga 3 kila jioni. Kuongeza 1 kwenye bwawa hili ni gramu 62 hivi za klorini ya chengachenga ya asilimia 65.

Muuza dawa alinishawishi nihamie vidonge vya trikloro. Hapana. Kila 10 za klorini ya vidonge hivyo huacha kama 6 za sianuri, na sianuri haiishi kwa kutumika; hutoka maji yakitoka. Na vidonge hivyo visikutane na chengachenga hata kwenye kikombe kimoja cha kupimia: huweza kushika moto, hata kulipuka.

Masika yakianza, bwawa litafurika na sianuri itapungua. Nitapima upya baada ya mvua kubwa ya kwanza, na pH siku hiyo hiyo.