Nilinunua kichwa cha mahindi bila futi mfukoni

Kombaini yangu, mashine ya kuvunia, ilikuja na kichwa cha ngano, yaani kile kifaa cha mbele kinachopokea mazao shambani, na misimu miwili kilinitosha. Tulianza Narok, kisha tukarudi Moiben kumalizia ya nyumbani. Ngano haina ubishi. Shayiri ndiyo yenye makuu: ikilazwa na mvua unafunga vidole vya kuinulia mashina mbele ya visu, na ikikauka mno, gurudumu la juu, lile linalosukumia mashina kwenye visu, likizunguka kwa kasi masuke yanakatika shingoni na kumwagika chini.

Mahindi ni habari nyingine. Kichwa chake hakikati. Bua linapita kati ya rola mbili zinazolivuta chini, hindi linagota kwenye mabamba mawili yaliyo juu ya rola na kung'oka. Kwa hivyo kila mstari sharti uingie penye rola zake. Nami nikanunua cha mtumba, cha mistari minne, bei ya kuchekesha, bila kupima. Kumbe kilitengenezwa kwa mistari ya sentimita 90. Kwetu tunapanda 75. Nikilenga katikati, mistari ya pembeni ilikosea kwa sentimita 22 na nusu. Mabua yalisukumwa kando, yakapinda, mahindi yakaruka. Mzee mwenye shamba alitembea nyuma yangu na gunia, akiokota kimya. Jioni alilitua miguuni pangu. Lilikuwa limejaa.

Nikakiuza, nikatafuta cha 75, minne vilevile. Jirani ana cha mistari sita na anateseka: planta, mashine za kupandia, za hapa ni za mistari minne kwa mkondo mmoja, kwa hivyo kichwa chake hugusa mikondo miwili, na nafasi kati ya mkondo mmoja na mwingine haiwi 75 sawasawa. Hiyo aulizwe dereva wa trekta alikuwa akiangalia wapi.

Maharagwe nimeyakataa. Maganda yako chini mno, na kichwa changu cha ngano hakipindi kufuata ardhi.

Siku hizi natembea na fremu ya waya, futi moja kila upande. Nasimamisha mashine, nairudisha nyuma kidogo, naiweka fremu pale kichwa kilipopita lakini makapi hayajafika. Punje saba ndani yake ni karibu gunia la kilo 90 linalopotea kwa ekari. Zikizidi, nasogeza mabamba karibu, maana yakiachana sana kitako cha hindi hugusa rola na kupukuchuka.

Wiki jana nilirudi kwa yule mzee. Nilihesabu mbili. Akainama, akahesabu na yeye.