Nilivyoipata Farewell My Concubine na dakika zake zote 171

Asikudanganye mtu kwamba ukifika China filamu za Kichina utaziokota kila kona. Mimi niliambiwa hivyo na kaka mmoja aliyenitangulia Wuhan, nikamwamini kwa sababu yeye alikuwa mwaka wa tatu na mimi ndio kwanza nashuka na begi. Za ngumi zipo, sikatai. Tamthilia za wafalme na masuria wao zipo tele. Lakini hebu ulizia zile zinazoshinda tuzo kwenye matamasha ya Venice na Cannes, za waongozaji kina Jia Zhangke, Lou Ye na Tian Zhuangzhuang, uone dada wa dukani anavyokupeleka moja kwa moja kwenye rafu ya Jackie Chan.

Dada wa watu hakuwa na kosa. Jia Zhangke alitengeneza filamu zake tatu za mwanzo, Xiao Wu, Platform na Unknown Pleasures, bila kibali cha serikali, kwa hiyo kwenye kumbi za sinema za kwao hazikuingia. Ya kwanza kupata kibali ilikuwa The World, mwaka 2004. Lou Ye aliipeleka Summer Palace Cannes mwaka 2006 bila ruhusa, akafungiwa miaka mitano. The Blue Kite ya Tian, ya 1993, ilipigwa marufuku. Sasa duka rasmi lingeuza nini?

Waliokuwa nazo ni wauza kopi. Karibu na chuo chetu palikuwa na laoban, yaani mwenye duka, mmoja, mbele kapanga katuni za watoto, nyuma ya pazia makatoni yamejaa CD za dunia nzima. Pale ndipo nilipojifunza kwamba hata kwenye magendo kuna madaraja: D5 ni DVD ya tabaka moja, gigabaiti 4.7, filamu imebanwa ili ienee. D9 ni ya matabaka mawili, gigabaiti 8.5 hivi, picha imetulia. Ukitamka "D9" laoban anakaa sawa kwenye kiti, anajua huyu si mtu wa kupewa mabaki. Moja ilikuwa yuani saba, nane, ukichukua nyingi anakushushia. Na nyingi zilikuwa kopi za matoleo ya Ufaransa, Marekani au Japani. Yaani filamu imepigwa Shanxi, imezunguka Paris, imerudi Wuhan kwenye katoni la ndizi. Jia mwenyewe amelitania jambo hili ndani ya Unknown Pleasures: kijana anauza CD za kopi, anakuja mteja kumuulizia Xiao Wu na Platform, kijana hana.

Kiu yangu kubwa ilikuwa Farewell My Concubine ya Chen Kaige. Hii ni filamu ya 1993, wamo Leslie Cheung, Zhang Fengyi na Gong Li, na hadithi ni ya waigizaji wawili wa opera ya Beijing tangu utoto wao hadi Mapinduzi ya Utamaduni na baada yake. Ndiyo filamu ya kwanza ya Kichina kuchukua Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, ikigawana tuzo na The Piano ya Jane Campion. Kwao ilionyeshwa, ikazuiwa, ikarudishwa ikiwa imepunguzwa. Marekani nako waliikata kutoka dakika 171 hadi 157 kabla ya kuipeleka sinema. Mimi nilitaka 171, si pungufu.

Laoban akanipa D9. Kava zuri ajabu, Gong Li kajaa mbele, nyuma maelezo ya filamu nyingine kabisa, ya polisi. Hilo sikulijali, nilishazoea. Nikaweka CD. Picha safi. Watoto wa shule ya opera wamepiga magoti uani, mwalimu ana fimbo mkononi, na chini maandishi ya Kiingereza yanasema helikopta inakuja kutoka kushoto. Nikadhani ni sentensi moja imepotea njia. Hapana. Waigizaji wamepaka nyuso rangi nyeupe na nyekundu, taji kichwani, mmoja anamwaga machozi, na maandishi yanaomba risasi zaidi. Tulikuwa chumba kizima, Mzambia, Wakongo wawili na mimi, tukaimaliza hivyo hivyo, na nakuapia kuna mahali ile helikopta ilielekea kuleta maana. Laoban nilipomrudishia alicheka kuliko sisi, akanipa nyingine bure. Nayo maandishi yake yalikuwa Kichina kitupu.

Nikarudi Dar bila hiyo filamu.

Miaka ikapita. Binamu yangu anayeishi Brussels akaniambia ameiona toleo la Kifaransa kwenye duka la mitumba, euro chache tu. Nikamwambia ichukue, nitakurudishia, na hadi leo hajadai kwa hiyo msimkumbushe. Ilipofika, deki ikaikataa. DVD zimegawiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, na deki inacheza za kanda yake tu. Afrika Mashariki tuko kanda namba 5, Ulaya ni namba 2, na deki yangu ilikuwa ya kufuata sheria. Fundi mmoja akataka pesa ya "kubadilisha mashine ndani". Usimpe mtu pesa kwa kazi hii. Deki nyingi za bei rahisi zina namba za siri: unafungua mdomo wa deki, unabonyeza namba za modeli hiyo kwenye rimoti, kisha unaweka 0 au 9 kwa maana ya kanda zote. Namba zenyewe unazitafuta kwa jina la modeli. Yangu ilikubali, fundi akanuna.

Sasa CD inacheza, na maandishi ni ya Kifaransa peke yake. Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu. Nikaona basi, nitaichezea kwenye kompyuta kwa programu ya VLC, nitafute faili la maandishi ya Kiingereza pembeni. Faili likapatikana kirahisi. Hapo ndipo ushauri mbovu kuliko wote ulipoingia. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa filamu kuna bwana mmoja, kila kitu anakijua, akaandika: "Yakichelewa bonyeza G, yakiwahi bonyeza H, kazi imekwisha." Kweli vitufe hivyo vinasogeza maandishi. Asichosema ni kwamba kila ukibonyeza yanasogea sehemu ya ishirini ya sekunde. Sentensi ya kwanza ilikaa pale pale. Baada ya dakika kumi yamechelewa, nabonyeza, nabonyeza, yanakaa. Dakika kumi nyingine yamechelewa tena. Ule usiku sikutazama filamu, nilikuwa mpiga kinanda. Nilipochoka nikayaacha yaende yenyewe, na majina ya waigizaji yakawa yanapanda kwenye kioo huku maandishi bado yanagombana.

Kesho yake nikachukua karatasi. Dakika ya kumi yamechelewa sekunde 25. Dakika ya ishirini, sekunde 50. Saa nzima, dakika mbili na nusu. Hapo sasa! Kitu kinachochelewa kwa mpangilio namna hiyo hakijaharibika, kina mwendo tofauti. Filamu ya sinema inapigwa picha 24 kwa sekunde. DVD za Ulaya, kwa mfumo wa PAL, zinakwenda picha 25 kwa sekunde, na wao hawaongezi picha, wanaikimbiza tu filamu. Faili langu la maandishi lilipimwa kwa toleo la mwendo wa kawaida. Kwa hiyo dawa si kusogeza. Dawa ni kuzidisha kila muda ulioandikwa ndani ya faili kwa 0.96, maana ndiyo 24 gawa kwa 25. Programu ya Subtitle Edit ina sehemu ya kubadilisha mwendo wa picha, unaiambia kutoka ngapi kwenda ngapi, inafanya yenyewe kabla hujameza mate. Nikaruka hadi mwisho wa filamu kuhakiki. Mdomo unafunguka, maandishi yanatokea. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Nikaenda kundini kujitapa, nani asingejitapa? Bwana G na H akauliza: "Yako ina dakika ngapi?" Nikasema 164. Akajibu kwa furaha kwamba nimeuziwa iliyokatwa, ya kamili ni 171. Nikamwandikia hesabu: 164 mara 25, gawa kwa 24, unapata 170 na ushei. Hakuna kilichokatwa, watu wanazungumza haraka kidogo na sauti zimepanda kidogo, ukisikiliza vizuri utagundua. Iliyokatwa kweli ni ile ya 157, na hiyo ikikimbizwa kwa PAL inakuja kama 151. Ukikuta CD ya Ulaya ya filamu hii ina 151 nyuma ya kava, irudishe ulipoitoa. Bwana akajibu kwa kidole gumba, akahamia kwenye mpira.

Basi nikaita watu nyumbani. Mama, shangazi, mke wangu, shemeji. Mama China anaijua kupitia tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, ile iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo alikaa mbele kabisa akitegemea ugomvi wa mkwe. Akapata kitu kingine. Mapema tu kuna mama anampeleka mwanawe shule ya opera, mwalimu anamkataa kwa sababu mtoto ana kidole cha sita, na yule mama anamtoa nje akakikate kwa panga la mboga. Mama yangu alisimama, akaenda jikoni, akarudi, akauliza, "Ameshaacha?" Halafu hakunyanyuka tena hadi mwisho.

Maandishi hakuyasoma. Ilibidi nisimulie, nikawa Lufufu, yule msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, wa opera ya Beijing, ila bila chumvi zake. Hili nalipendekeza kwa yeyote mwenye wazee nyumbani: pitia filamu mwenyewe kwanza, kisha simulia sehemu za mazungumzo tu, opera iache iimbe. Shangazi alichukua upande wa Juxian, yule wa Gong Li, dakika alipotokea, na kila Dieyi, yule wa Leslie Cheung, alipomwonea wivu shangazi alikuwa anamjibu. Mke wangu alikuwa upande wa Dieyi. Walibishana hadi kwenye chakula na sikuona haja ya kuamua.

Shemeji alilala. Msimcheke. Filamu za namna hii zinawashinda hata Wachina wenyewe. Mwongozaji Bi Gan alitoa Long Day's Journey into Night tarehe 31 Desemba 2018, ikatangazwa kama filamu ya wapendanao kubusiana saa sita usiku mwaka ukigeuka, tiketi za siku ile zikapita yuani milioni 250. Watu wakafika wamevalia, wakakuta ndoto ya polepole ambayo karibu saa nzima ya mwisho ni mkupuo mmoja wa kamera, usiokatwa. Walitoka wakitukana, siku ya pili mauzo yakaanguka. Shemeji angalau hakununua tiketi.

Mwenye pesa leo asipite njia yangu. Mwaka 2024 kampuni ya Criterion ya Marekani wametoa toleo la 4K la Farewell My Concubine, CD ya 4K na ya Blu-ray kwenye kasha moja, dakika 171 za mwendo wa kawaida. Ila usikilize hapa, maana wauzaji hawasemi: Blu-ray za Marekani ni kanda A na sisi tuko B, kwa hiyo ile Blu-ray inaweza kugoma kwenye mashine yako. CD ya 4K yenyewe haina kanda, inacheza popote, mradi mashine iwe ya 4K. Na usidhani kila kilichosafishwa upya ni bora. Kasha la filamu saba za Wong Kar-wai, mwongozaji wa Hong Kong, la 2021 limezua magomvi kwa sababu rangi zimebadilishwa na mwenyewe, na picha ya Fallen Angels, mojawapo ya hizo saba, imefanywa pana zaidi ya ilivyokuwa. Mwenye kopi za zamani za hizo asizitupe.

Sasa hivi natafuta A Brighter Summer Day ya Edward Yang wa Taiwan, dakika 237. Ukiuziwa ya PAL inatakiwa iwe 227 na ushei, nimeshapiga hesabu. Shangazi ameuliza kama Gong Li yumo. Hayumo, lakini sijamwambia.