Dimsamu London kwa mtu wa Tanga: usiulize nyama tu, uliza na mafuta

Watu wa Tanga wanaokwenda London kusoma, kutibiwa au kumtembelea ndugu, wakifika Gerrard Street, mtaa wa migahawa ya Kichina, hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaopita haraka bila kugeuza shingo, kwa kuwa madirishani wamening'inizwa nguruwe wa kuchoma. Na wapo wanaoingia, wakaagiza "kamba tu", wakala wakashiba wakiamini wamesalimika. Wa kwanza wamejinyima bure. Wa pili ndio tunaotaka kusema nao hapa, kwa sababu kwenye dimsamu kinachomponza Mwislamu mara nyingi ni unga uliofungia kitoweo, hata kitoweo chenyewe kikiwa safi.

Dimsamu ni vitafunio vya Wakantoni, watu wa Guangdong na Hong Kong, kusini ya China, vingi vikiwa vifurushi vya unga vinavyopikwa kwa mvuke ndani ya vikapu. Huliwa kwa chai, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Wenyewe wakialikana husema twende yum cha, maana yake twende tukanywe chai. Aliyezoea baraza za Ngamiani haelezwi mara mbili: kahawa ndiyo inayokukalisha, kashata inakuja nyuma yake. London migahawa mingi hupika dimsamu kuanzia kama saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni, halafu menyu inabadilika kuwa ya wali, samaki wazima na bata. Ukifika saa moja usiku ukitaka vikapu vya mvuke, huenda usipate, au ukapata vichache vilivyobaki. Jumapili mchana ndiyo siku ya familia za Kichina, babu mpaka kitukuu meza moja, na foleni hufika nje. Fika saa sita kamili.

Chakula hicho kilifikaje pale? Wachina wa kwanza wa London walikuwa mabaharia walioshukia Limehouse, karibu na gati za mashariki ya mji. Mtu wa mji wa bandari anajua mambo hayo yanavyokwenda: baharia anashuka, anatafuta chakula cha kwao, mwenzake anafungua mgahawa. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walihamia eneo la Soho, na miaka ya 1950 na 1960 walikuja wengi kutoka vijiji vya New Territories vya Hong Kong. Ndiyo maana dimsamu ya London ni ya Kikantoni hasa.

Ukishakaa, swali la kwanza la mhudumu ni chai gani. Bo lei ni nyeusi na nzito, inakata mafuta mdomoni. Ya asumini ina harufu tunayoijua pwani tangu utotoni. Hazitiwi maziwa wala sukari. Birika likiisha, usiite mtu. Weka kifuniko upande, mhudumu akipita ataona na kuongeza maji ya moto. Mimina kwanza vikombe vya wakubwa, chako kiwe cha mwisho. Mwenzako akikumiminia, gonga meza polepole kwa vidole viwili, ndiyo ahsante yao. Chai hulipiwa kwa kichwa, hata kama hukuiagiza kwa maneno, kwa hiyo usishangae ukiikuta kwenye bili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katika mgahawa wa kawaida, usio na cheti cha halali, kuku na ng'ombe huna hakika kama wamechinjwa kwa sheria yetu, basi hao watoe mezani tangu mwanzo. Miguu ya kuku, ambayo wenyewe wanaipenda kupita kiasi, nayo inaondoka pamoja nao. Yanabaki ya baharini, mboga, mayai na tofu. Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii, kamba na ngisi kwetu hawana mjadala. Lakini kamba wa dimsamu hakai peke yake. Chukua har gow, vifurushi vyeupe vya kamba ambavyo kila mtu anaviona ndivyo vya salama kuliko vyote. Mapishi ya asili hutia vipande vidogo vya shahamu ya nguruwe ndani, kamba asikauke, na mafuta ya nguruwe kwenye donge la unga ili ngozi ilainike na ing'are. Ukimuuliza mhudumu, "Hiki kina nyama ya nguruwe?" atakujibu hakina, na hakudanganyi: nyama haimo. Yamo mafuta.

Siu mai, kifurushi kilichoachwa wazi juu, nayo inawapiga chenga wengi. Juu ina punje za rangi ya machungwa za mayai ya samaki, ndani unaona kamba, kumbe sehemu kubwa ni nguruwe wa kusaga. Keki ya figili iliyokaangwa ina uduvi mkavu, na mtu wa Tanga akinusa tu anajiona yuko kwao. Lakini pamoja na uduvi hukatwa soseji ya nguruwe iliyokaushwa. Soseji hiyo hiyo huingia kwenye wali wa kunata uliofungwa kwa jani la yungiyungi. Vifurushi vyenye mchuzi ndani, xiao long bao, asili yake ni upande wa Shanghai, na mchuzi wake ni supu ya ngozi ya nguruwe iliyogandishwa ikafungwa ndani, kisha ikayeyuka kwa mvuke. Hata vikiandikwa vya kaa, mchuzi kwa kawaida ni huo huo. Puddingi ya embe inagandishwa kwa jelatini, na jelatini ya Ulaya mara nyingi ni ya nguruwe. Mipira ya ufuta, inayofanana na kaimati kubwa, ndani ina maharage mekundu matamu, lakini mara nyingi hukaangwa kwenye karai lile lile la vitu vya nguruwe. Juu ya hayo kuna mvinyo wa mchele, unaotiwa kwenye viungo vya kulowekea kamba na samaki ili kuondoa shombo.

Kwa hiyo swali lako lina sehemu tatu, na uliulize kwa kila chakula: kuna mafuta ya nguruwe kwenye unga au ndani? Kuna mvinyo wa kupikia? Kimekaangwa kwenye mafuta gani? Mhudumu akisita, mwombe aulize jikoni. Watu wa kazi hiyo hawachukii. Uingereza sheria inamlazimu mwenye mgahawa akuambie kama chakula kina kimoja kati ya vitu 14 vinavyodhuru wenye mzio, wakiwemo kamba, karanga, ufuta, soya, mayai na ngano. Wapo wanaodhani orodha hiyo inawatosha. Haiwatoshi, kwa sababu nguruwe na pombe havimo kati ya hivyo 14. Alama ya V ya wasiokula nyama inasaidia zaidi: chakula chenye alama hiyo hakipaswi kuwa na mafuta ya nguruwe, hata kwenye unga. Mvinyo bado utauulizia.

Inafaa pia kujifunza herufi chache za Kichina, maana menyu nyingi zina lugha mbili na upande wa Kichina husema zaidi. 豬 au 猪 ni nguruwe. 叉燒 ni nguruwe wa kuchoma kwa asali. 肉 ni nyama, lakini ikisimama yenyewe bila jina la mnyama mbele yake, jua ni nguruwe. 臘 inaashiria nyama iliyokaushwa, na mara nyingi ni hiyo soseji. 蝦 ni kamba. 素 au 齋 ni mboga tupu. Hiyo ya pili ni ya desturi ya Mabudha, haitiwi mnyama wa aina yoyote. 清真 ndiyo halali, nayo utaiona zaidi kwenye migahawa ya tambi za Waislamu wa kaskazini ya China. Jina la Lanzhou, mji unaosifika kwa tambi hizo, likiwa mlangoni peke yake halitoshi, tafuta cheti ukutani.

Ukitaka kushushia moyo mahali pamoja, shikilia cheung fun ya kamba. Ni uji wa unga wa mchele, mwepesi sana kuliko wa vitumbua, unaomiminwa kwenye trei bapa, ukavukizwa dakika chache mpaka ukawa shuka laini, kisha ukakunjwa juu ya kamba watatu wanne. Uji huo hauna haja ya mafuta ya nguruwe. Trei hupakwa mafuta kidogo tu, na mara nyingi ni ya mimea. Uliza hilo, uliza na sosi tamu ya soya inayomwagwa juu kama imechanganywa na supu ya mifupa. Kwa ladha pia hakuna kinachoishinda, kwa maoni yetu. Asiyetaka chembe ya shaka aende mgahawa wenye cheti, kwa sababu jikoni vikapu hupangwa mnara mmoja, na matone ya kikapu cha juu hushuka kupitia matundu ya mianzi hadi cha chini.

Turudi kwa har gow, kwa kuwa ndiyo wapishi wanapimwa nayo. Kikapu huja na vinne, pengine vitatu. Funua, subiri moshi utoke, tazama. Ngozi iwe angavu kiasi cha kuona wekundu wa kamba ndani, na mgongoni iwe na marinda. Fundi mzuri hukunja kuanzia 7 na kuendelea, wengine hufika 13. Inua kwa vijiti kutoka kiunoni. Ikinata kwenye karatasi na kuchanika, ama imekaa mvukeni kupita kiasi, ama imesubiri mezani. Ukiona mabaka meupe makavu, maji ya kukandia hayakuwa yanachemka. Ukikuta kinundu kigumu pale marinda yanapokutana, unga ulisukumwa mnene. Kamba anatakiwa alie jinoni. Akiwa kama uji, ameyeyushwa na kugandishwa tena. Anayenunua kamba soko la Deep Sea kila wiki analijua hilo kabla hata ya kumeza. Usiitose kwenye sosi ya soya, tone moja la mafuta ya pilipili linatosha. Na ule papo hapo: dakika kumi baadaye ngozi inakuwa ngumu kama mpira.

Ndiyo maana usiagize vyote kwa pamoja. Watu wanne waanze na vikapu vinane, wavimalize vikiwa na moto, ndipo waongeze. Sahani moja ya tambi au wali ije mwisho, kwa kujaza pembe. Kwenye bili tazama mstari wa huduma. London mara nyingi huongezwa asilimia 12.5, na ukishaiona hapo huna haja ya kuacha bakshishi nyingine.

Wengi wakirudi Tanga hutamani har gow isiyo na shaka, na kwa kweli hapa ndipo ilipopaswa kupikwa, maana nusu ya siri ya ngozi ile ni wanga wa muhogo, na kamba tunao. Kinachosumbua ni wanga wa ngano, ambao ni tofauti na unga wa ngano wa chapati. Huuzwa kwenye maduka ya vyakula vya Kichina. Asiye nao aukande unga wa kawaida, aufikiche ndani ya maji mpaka ubaki mpira, maji meupe ayaache yatuame usiku mzima, amwage ya juu, aanike kilichobaki.

Pima wanga wa ngano gramu 100, wa muhogo gramu 50, chumvi kidogo. Mimina maji yanayotokota mililita 200 hivi, kwa mkupuo, ukikoroga kwa mwiko. Yakiwa ya moto tu bila kutokota, wanga hauivi, na donge litapasuka ukilikunja. Funika dakika 5, kisha tia kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, ukande likiwa bado na moto. Kata vidonge vya gramu 12, visukume vyembamba vya upana wa sentimita 8, vingine vikisubiri chini ya kitambaa chenye unyevu. Ukivisahau wazi, vinakauka kingo na havishikani.

Kamba gramu 250 waliomenywa wafikiche kwa chumvi kijiko kidogo na wanga kijiko kikubwa, uwasuuze kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, uwakaushe kwa taulo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kamba akiwa na maji, yatatoka mvukeni na kupasua ngozi. Nusu wakate vipande, nusu waponde. Tia chumvi nusu kijiko kidogo, sukari kijiko kidogo, pilipili manga nyeupe, mafuta ya ufuta kijiko kidogo, na mafuta ya alizeti kijiko kikubwa mahali pa ile shahamu. Waweke kwenye friji saa moja, kisha funga. Vitatoka kati ya 25 na 30.

Tandika jani la mgomba lililopakwa mafuta, lililotobolewa matundu, juu ya sufuria inayochemka kwa nguvu. Vipange visigusane. Dakika 6, zisizidi 7. Ukifunua vitaonekana vyeupe vya ukungu na utadhani vimeharibika. Viache nje dakika mbili, ngozi inajisafisha yenyewe kadiri inavyopoa, na wekundu wa kamba unatokeza.