Kumtafuta bibi wa Unguja kwenye karatasi za zamani

Watu wengi wananiuliza ukoo wetu wa Unguja niliutafutaje, maana wao wakiingia intaneti wakiandika jina la babu hawapati kitu. Kwa jina tu hupati jamani. Una Juma bin Hamisi, mtoto wake Hamisi bin Juma, mjukuu Juma tena, alafu mtaa mzima kina Juma bin Hamisi kibao. Kinachowatofautisha ni shamba lao lilikuwa wapi, kazi yao, nani alimuozesha nani, na hayo wanayo wazee, kwahiyo kaa nao kwanza uandike kila kitu, ndo uende kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani.

Sasa kuna jambo ambalo nyumbani kwetu likiguswa tu watu wanabadilisha mada: utumwa. Bibi yake bibi yangu alikuwa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Tulivokua tunaambiwa alikuwa "mtu wa bara", basi, imeishia hapo.

Wengi wanajua Sultani Hamoud wa Zanzibar alitoa amri ya kufuta utumwa mwaka 1897, ila wanadhani siku ile wote waliandikwa huru. Hapana. Mtumwa ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na mwenye mtumwa akilipwa fidia. Aliyeenda ana karatasi, aliyebaki shamba kwa kuelewana na bwana wake unaweza usimuone kabisa. Na masuria hawakuingizwa kwenye ile amri, walihesabiwa kama wake wa nyumba, mpaka sheria ya 1909 ndo ikawagusa na wao. Kwahiyo ukipekua madaftari ya uhuru ya miaka ile ukamkosa bibi yako, usiseme hakuwahi kuwa mtumwa wala usiseme hakuwepo.

Watoto wake nao watakuchanganya, maana kwa sheria ya dini mtoto wa suria akikubaliwa na baba anazaliwa huru na anafuata nasaba ya baba, unamkuta ameandikwa bin fulani bin fulani vizuri kabisa mpaka babu wa tano, mama hatajwi popote. Mi hili linaniuma sana, mwanamke kazaa ukoo mzima na hana hata mstari mmoja.

Wa kwetu nilimpata kwenye hati ya wakfu, yaani ile ya kuweka mali isiuzwe, watu waliotajwa waitumie. Mwenye nyumba aliiacha kwa watoto na kwa waliokuwa watumwa wake, na yeye yumo, jina moja tu, halina binti wa nani. Nililia. Bibi yangu alikuwa bado hai nikamsomea, akasema ndio huyo, alafu akaanza kutaja vitu ambavyo hajawahi kututajia, kwamba huyo bibi yake alikuwa na lugha yake anaimbia watoto, kwamba alikuwa na chale usoni.

Hizo chale na zile nyimbo ndo nafuatilia sasa hivi. Na nyie kama kuna hati ya Kiarabu imelala sandukuni mpelekeeni maalim aisome, majina yote, mpaka ya mwisho kabisa.