Mashine ya Baba na matunda damu

Mwanangu amerudi kutoka likizo Kabale na swali moja tu: kwa nini ile mashine ya Babu nyuma ya nyumba inatoka jasho wakati yenyewe ni ya baridi? Nikaanza kumweleza habari za unyevu wa hewa unaogusa koili baridi na kugeuka maji, nikaona macho yake yameshahamia kwenye simu. Basi nawasimulia ninyi.

Mashine ile ni pampu ya joto, na ilinunuliwa kwa ajili ya magoti. Baba, mnamjua, alitoka jeshini na pensheni ndogo na magoti mabovu, na dawa pekee aliyoiamini ilikuwa Kitagata, kwenye chemchemi za maji moto. Alikuwa akipanda takisi mpaka Sheema, anakaa kwenye maji ya chemchemi na wazee wenzake, anarudi nyumbani mwepesi. Kisha safari zikamshinda. Dada akatuma pesa kutoka Dubai pamoja na amri: mleteeni mzee Kitagata yake hapo hapo nyumbani. Jakuzi la lita 1,000 lilipatikana. Kazi ikabaki kulipasha moto.

Kabale si Kampala. Tuko kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya tangi asubuhi yanauma meno. Jakuzi lilikuja na hita yake ya umeme ya kilowati 2. Nikapiga hesabu: kupandisha lita 1,000 kutoka nyuzi 17 hadi 38 kunataka zaidi ya yuniti 24, na hita ile ingehangaika kutwa nzima, joto jingine likipotea njiani. Kwa bei ya wakati ule, kama shilingi 800 kwa yuniti, Yaka, mita yetu ya kulipia umeme kabla, ingemeza karibu shilingi 20,000 kila tukijaza maji mapya. Mama akauliza, kwa upole wake ule unaochoma, kama isingekuwa rahisi kumkodia mzee gari la kwenda Kitagata.

Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha tu, ndiyo maana umeme inaokula ni kidogo. Hilo tulilijua. Muuzaji wa Kampala akataka kutupa mashine ya bwawa la hoteli, akitangaza ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi: yuniti moja ya umeme, joto la yuniti sita! Fundi wetu wa friji, mtu wa Bombo asiye na haraka, akainama akasoma herufi ndogo za chini. Namba ile ilipimwa kwenye hewa ya nyuzi 26. "Kabale nyuzi 26 mnaziona lini?" akaniuliza. Mstari wa pili, wa hewa ya nyuzi 15, ulikuwa na namba ya kawaida zaidi, na huo ndio tuliochagulia. Tukachukua ndogo, yenye kutoa kilowati 5 za joto na koili ya titani, kwa kuwa klorini hula shaba.

Kuifunga hakukuwa na hadithi. Zege la kukalia lililopimwa na pima maji, mpira chini ya miguu ili isitetemeshe nyumba, breka yake peke yake, na chuma cha ethi ambacho fundi alikataa kukiacha hata tulipomwambia tuko na haraka. Jambo moja tu lilihitaji akili: upande wa mbele, feni inakopuliza, lazima pawe wazi. Ukiielekeza ukutani inavuta tena baridi iliyoitoa yenyewe, na hapo unapoteza pesa. Palipokuwa wazi ni upande wa bustani. Bustani ni ya Baba, na mstari wa kwanza ulikuwa matunda damu yake, zile nyanya za mti.

Fundi aliiwasha saa kumi jioni. Jua lilikuwa linaelekea mlimani. Baba akatoka na koti lake kuukuu la jeshi, kofia ya sufu imemfunika masikio, mkononi kiti cha kukunja. Akakiweka mbele kabisa ya feni, akakaa, akanyoosha mikono yote miwili aote moto.

Akakaa hivyo kitambo. Akaigeuza mikono. Akaitazama.

"Fundi."

"Naam, Afande."

"Hii kitu inapuliza baridi."

"Ndiyo, Afande. Ndivyo inavyotakiwa."

"Jakuzi hili mmeniletea la kuogea, au la kuwekea nyama?"

Mama akacheka ndani. Fundi hakucheka. Alimshika mzee mkono taratibu, akamwingiza jikoni, akausogeza ule mkono nyuma ya friji, kwenye vile vibomba vyeusi. Nikamwona Baba akishtuka kidogo. Palikuwa na joto.

"Joto hili limetoka kwenye maziwa ya Mama humu ndani ya friji," fundi akasema. "Gesi inalibeba kutoka ndani, kompresa inaibana gesi, joto linatupwa huku nyuma. Mashine ya nje kazi yake ni hiyo hiyo. Ila sisi tunakitaka kile kinachotupwa, tunakitia kwenye maji yako."

Baba akafikiri. Mkono wake ulikuwa bado nyuma ya friji.

"Na huko nje, maziwa ni nani?"

"Ni hewa, Afande. Hewa ya hapo bustanini."

Tukatoka tena. Majani mapana ya matunda damu yalikuwa yanapepesuka kwenye upepo wa feni, na chini ya mashine maji yalikuwa yameanza kudondoka kwenye zege. Baba akayatazama majani, akayatazama maji, akamgeukia fundi.

"Kwa hiyo mnaiba joto la matunda yangu."

Fundi akafungua mdomo, akaufunga. Angesema nini? Nilikuwa nimesoma maelezo ya muuzaji, kitabu cha mashine na kurasa kadhaa za intaneti, na hapakuwa na mahali palipoieleza kazi ile vizuri kuliko mashtaka hayo.

Karibu saa nne usiku maji yalifika nyuzi 38. Mzee akaingia na kofia yake, akajishusha mpaka mabegani. Tukangoja neno la shukrani. "Kesho," akasema, "hiyo mashine igeuzwe."

Haikugeuzwa. Walibishana asubuhi nzima, fundi akichora chini kwa kijiti, na mwisho Baba akatoa amri ya kijeshi: mashine itafanya kazi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Jua likiwaka bustani ina ziada, inaweza kuibiwa. Usiku, hapana. Umeme ukikatika ukarudi, na mashine ikakaa kimya zile dakika chache za kulinda kompresa, alikuwa anasema imeona aibu. Jioni tulilifunika jakuzi kwa kifuniko chake kinene, kwani joto jingi hutorokea kwenye uso wa maji. Mchana Mama alikianikia mtama wa obushera, kinywaji chetu cha nafaka, mpaka kikaanza kubonyea katikati, na ugomvi ule niuache.

Nilipomkumbusha fundi kwa simu ile amri ya Baba, alicheka mpaka akakohoa. Saa za mchana, hewa ikiwa ya joto, ndizo hasa mashine inapokula umeme kidogo kabisa. Yaka ilionyesha hivyo: tuliposhinda na jua, mjazo mzima ulitumia yuniti 7 au 8, na siku za kuongezea joto tu hazikufika hapo.

Dada anashikilia kwamba Baba aliuelewa mtambo ule kutuzidi sote. Mimi nasema alikuwa anatetea matunda yake, ambayo mwaka ule, kwa kweli, yalizaa haba mstari wa mbele, ingawa watoto wa jirani nao walikuwa wanapita pale kila siku. Mama anasema sote tunajisumbua: mzee alitaka amalize kuoga kabla ya taarifa ya habari ya Kiswahili redioni, basi.